Aliyelilia Kopo

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo silitaki nyumbani kwangu, nalo ni kupumzika. Mume wangu akirudi kazini hoi anasema anakwenda kulala. Mwanangu akichoka kucheza anasema anakaa. Wageni wananishangaa, nami nawaacha washangae. Mwezi uliopita neno hilo lilinifuata kwenye simu, katika lile kundi la ukoo ambako kwa kawaida tunatumiana picha za harusi na salamu za asubuhi: "Ndugu zetu, shangazi wa Bunda amepumzika." Nilikuwa jikoni, hapa Kitaji, mjini Musoma, natoa magamba ya sato. Nilinawa mikono, nikaenda sebuleni, nikachomeka kidole kwenye udongo wa ua langu lililo pembeni ya kabati, mpaka pingili ya kwanza. Ulikuwa na unyevu. Nikakaa sakafuni hapo hapo. Harufu ile ya udongo mweusi uliolowa ilinirudisha Nyasho, kwenye nyumba yetu ya zamani, mama akiwa bado hai.

Tulikaa vyumba viwili na sebule isiyopata jua. Mama alikuwa fundi cherehani. Baba aliendesha lori la pamba kati ya vijiji na kiwanda cha kuchambulia kule Bunda, akirudi kwa wiki mara moja, mara mbili akibahatika. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, mama na makopo. Yalikuwa makopo ya siagi, ya maziwa ya unga, ya rangi, yote yametobolewa chini kwa msumari, yamepangwa juu ya kabati, kwenye kizingiti cha dirisha, hata pembeni ya cherehani. Ndani yake kulikuwa na ua la aina moja tu. Jani lake lilikuwa jeusi, jeusi kabisa, lenye vinyweleo, na ukilifunua kwa chini ni jekundu kama ini la ng'ombe. Jani la kwanza alipewa na sista mmoja aliyemshonea mapazia. Mama alisema linaitwa bigonia. Majirani waliliita ua jeusi, na hawakulipenda.

"Mama Nyamisi, wewe ni mtu wa kwaya," Mama Sabina wa nyumba ya pili alimwambia siku moja, amesimama mlangoni hataki kuingia. "Ua jeusi ndani ya nyumba, kweli jamani? Watu wanasemaga."

"Waache waseme. Mbona sufuria yako ni nyeusi na hujaitupa?"

Mama Sabina alicheka, lakini hakuingia.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya maua. Baba alikuwa akituletea gunia la samadi kutoka kwa babu, Butiama, samadi iliyokauka mpaka haina harufu. Tuliichekecha, tukachanganya na mchanga wa ziwani na chenga za mkaa. Kila kopo lilikaa kwenye sahani yenye kokoto na maji kidogo, ili ua lipate unyevu wa hewa bila kulowa miguu. Ilikuwa marufuku kumwaga maji juu ya jani, maana linaota madoa meupe kama ukurutu. Vumbi tulilitoa kwa brashi ya kunyolea ya baba iliyokwisha manyoya nusu. Halafu kila kopo linageuzwa kidogo, lisije likainamia dirishani upande mmoja. Mimi ndiye niliyegeuza. Nilikuwa na miaka sita, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza duniani niliyopewa nikaaminiwa.

Kumwagilia ndiko kulikonichukua muda kujifunza. Nilipenda mno kumwagilia, na mama alinishika mkono mara nyingi kikombe kikiwa hewani.

"Hapana. Kidole kwanza. Ingiza mpaka pingili ya kwanza. Kukiwa kukavu, unampa kidogo, pembeni, sio katikati. Kukiwa na unyevu unamwacha. Hili ua halifagi kwa kiu, Nyamisi. Linakufaga kwa huruma za watu kama wewe."

Halafu alikuwa ananibana pua kwa vidole vyenye udongo, nami nakasirika, naye anacheka. Nilikuwa na hasira za karibu tangu utotoni. Sijui nimezitoa wapi, maana yeye hakuwa nazo.

Kulikuwa na kopo moja kubwa, la rangi, lenye bigonia mama mzaa wote. Kiangazi kimoja, upepo wa ziwa ulipokausha kila kitu mpaka midomo yetu, ua hilo lilianza kuangusha majani. Moja leo, mawili kesho. Mwisho likabaki shina nene lililolala juu ya udongo kama tangawizi, halina hata jani. Nililia. Nilimwambia mama limekufa na kwamba ni kosa lake, kwa nini alininyima kulimwagilia.

Mama aliacha cherehani. Akachuchumaa, akashika kidole changu, akakigusisha kwenye lile shina. Lilikuwa gumu.

"Halijafa, limepumzika," alisema. "Likichoka linapumzikaga. Sisi tunalipatia maji kidogo sana, hatulisumbui, hatulifukui kuliangalia. Mvua ikija litaamka lenyewe."

Na kweli. Mvua za kwanza zilipopiga bati, nilikwenda kuangalia nikakuta kichipukizi chekundu kimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Nilipiga kelele mpaka Mama Sabina akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku hiyo nilijua kupumzika ni nini. Nilijua kuliko watu wazima wote wa Nyasho.

Kiangazi kilichofuata mama alianza kuvimba miguu. Kwanza alivua viatu akishona, halafu akawa anashona ameegemea ukuta, halafu cherehani ikafunikwa kitambaa. Leo najua zilikuwa figo. Wakati ule nilichojua ni kile nilichosikia baba akimwambia Mama Sabina: "Daktari kakataza maji mengi. Kikombe kimoja tu, asubuhi na jioni. Maji mengi yatamuua." Nilitikisa kichwa kukubali nikiwa nyuma ya mlango. Daktari huyo alikuwa anajua kazi yake.

Walimpeleka hospitali Bunda, kwa sababu shangazi, dada yake baba, alikuwa anakaa jirani na hospitali na angeweza kumpikia. Asubuhi ya kuondoka alikuwa amekwisha kaa kwenye lori la baba, uso umejaa, macho madogo. Aliniita dirishani.

"Lile kubwa limeanza kuangusha majani," alisema. "Unajua la kufanya?"

"Kidole mpaka pingili ya kwanza."

"Na mvua ikija?"

"Litaamka."

"Haya, mama yangu. Ninakuachia." Alikuwa akiniita mama yangu akifurahi. Ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho, mkono nje ya dirisha la lori, hausalimii mtu, umekaa tu.

Shangazi alikuja baada ya wiki tatu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na mpaka siku hiyo hakuwahi kunigusa zaidi ya kunisalimia. Alikaa kwenye kiti cha mama cha cherehani akanipakata. Nilishangaa magoti yake yalivyokuwa magumu.

"Nyamisi, sikiliza mwanangu. Mama yako amepumzika."

"Amepumzika?"

"Amepumzika. Mungu amempumzisha."

Niseme ukweli jinsi nilivyojisikia, maana sijawahi kuusema. Nilifurahi. Wiki tatu nilikuwa nimeogopa kufa kwake, na sasa naambiwa amepumzika. Nilishusha pumzi nikamtabasamia shangazi.

"Afadhali," nilisema. "Wasimpe maji mengi."

Shangazi alinishusha magotini kama mtu aliyekalia siafu. Alinitazama kwa macho mekundu, halafu akainuka akatoka nje. Nilimsikia uani akisema, "Yesu wangu, huyu mtoto ana moyo gani?"

Tulimzika Butiama, kwenye boma la babu, nyuma ya zizi. Wanawake walilia mpaka wengine wakashikwa wasianguke. Baba alikaa kwenye jiwe, kofia mkononi, anaigeuza, anaigeuza. Mimi sikulia. Hata walipomfukia sikushtuka, maana mizizi hukaa udongoni, ingekaa wapi? Niliwaonea huruma watu wote wale. Nilijiambia hawajawahi kufuga bigonia. Nilitaka kumwambia baba, lakini kila nilipomkaribia mtu alikuwa ananivuta nyuma na kunipa uji.

Asubuhi yake niliamka kabla ya wengine, nikachota maji kwenye ndoo kwa kikombe cha bati, nikaenda kaburini. Tuta lilikuwa bado bichi, lina alama za majembe. Nikachuchumaa, nikachomeka kidole mpaka pingili ya kwanza. Juu kulikuwa kukavu, vumbi tupu. Nikammwagilia kidogo, pembeni. Nikazunguka upande wa pili, nikaingiza kidole tena. Kukavu. Niliona kikombe kimoja ni kidogo kwa mtu mzima, nikarudi kuchota cha pili. Nilikuwa na cha tatu mkononi, kidole kikiwa ndani ya udongo, niliposikia mchakacho wa kanga za mtu anayetembea haraka, na kofi likanikuta sikioni. Kikombe kiliruka, maji yote yakamwagika katikati ya kaburi.

"Unafanya nini wewe? Unachimba nini hapo? Nani kakutuma?" Shangazi aliniinua kwa mkono. "Nani kakutuma umwage maji kwa wifi yangu?"

Ningeweza kumjibu. Jibu nilikuwa nalo, fupi, la maneno kumi. Lakini nilikuwa na hasira, sikio linawaka, na yeye alikuwa amemwaga maji katikati. Nilifunga mdomo. Watu walitoka na mashuka yao, wakasimama wakinitazama, na mmoja akasema nichunguzwe kama kuna mtu ananifundisha mambo. Mpaka matanga yalipoisha sikuachwa peke yangu hata chooni.

Tuliporudi Nyasho shangazi alikuja nasi kunilea, na jambo lake la kwanza lilikuwa makopo. Alikuwa amekwisha zungumza na Mama Sabina. "Ua jeusi ndani ya nyumba, mnashangaa nini?" alimwambia baba, na baba hakuwa na nguvu za kubishana na mtu yeyote. Yakatupwa yote nyuma ya choo, kwenye jua. Niliyaona yakinyauka siku hiyo hiyo. Lile kubwa nilikuwa nimelificha mapema chini ya kitanda changu, nikalifunika na gauni la mama. Halikuwa na jani hata moja. Kwa mtu asiyejua, lilikuwa kopo la udongo tu.

Nilingoja mvua. Kila siku nilitambaa chini ya kitanda na kidole changu. Nililisemesha. Nilikuwa nimeamini, bila mtu kuniambia, kwamba hili likiamka, na kule Butiama ataamka. Nilipanga hata nitakavyomweleza: kwamba shangazi katupa mengine yote, lakini usijali, kubwa ninalo.

Mvua zikaja. Zilipiga bati usiku na mchana, Nyasho yote ikawa tope, dagaa zikakosa pa kuanikwa. Nililitazama lile shina kila asubuhi na kila jioni, na hakuna kitu. Wiki ya kwanza, ya pili. Watoto wenzangu walikuwa wakicheza kwenye madimbwi, mimi niko chini ya kitanda. Hofu iliniingia ndipo nikafanya lile lile nililokatazwa. Nikalimwagilia maji. Kikombe asubuhi bila kuuliza kidole. Kikombe jioni. Nikalimwagia katikati. Nikasema basi labda halijasikia mvua, maana liko ndani, ngoja nilisaidie.

Siku niliyosikia harufu ilikuwa Jumamosi. Nilivuta kopo, nikagusa lile shina, na kidole kikazama. Lilikuwa laini kama ndizi iliyooza, likatoa maji ya kahawia. Nilikaa nalo mapajani. Hakuna aliyenieleza chochote, lakini nilielewa yote mara moja, na nikaelewa vibaya. Nilielewa kwamba mama hataamka. Na nikaelewa kwa nini: vikombe viwili, na cha tatu katikati. Daktari alikwisha sema. Maji mengi yatamuua.

Hapo ndipo nililia. Nililia kilio cha miezi mitatu kwa mpigo, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nimekumbatia kopo, tope limejaa gauni la mama. Shangazi alikuja mbio na mwiko mkononi. Alisimama mlangoni, akatazama kopo, akanitazama mimi.

"Mama yako hukumlilia hata chozi," alisema polepole. "Leo unalilia kopo."

Basi, nikawa huyo. Aliyelilia kopo. Hadithi hiyo imepigwa kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye kila matanga ya ukoo wetu, watu wazima wanaisimulia wakicheka, na shangazi ndiye aliyekuwa anaianza, "Huyu mnayemwona, jamani, huyu ana moyo wa jiwe la Musoma." Alinilea mpaka nikamaliza shule. Alinilisha, alinivisha, alinisukia nywele kwa mikono yake migumu. Siwezi kusema alinitesa, ningekuwa mwongo. Lakini hakunipakata tena, nami sikumpa sababu ya kunipakata. Mpaka nilipofika kidato cha pili nilikuwa bado na imani, pembeni kidogo ya akili, kwamba mimi ndiye niliyemuua mama yangu kwa kikombe cha bati. Akili ilikuja ikaifuta. Kidole changu bado kinaogopa maji.

Mwezi mmoja kabla hajafa nilikwenda kumwona Bunda. Alikuwa amebaki mifupa chini ya shuka, ile sauti ya kuita ng'ombe imekwisha. Nilikuwa nimemletea uji wa ulezi, nikawa namlisha kwa kijiko. Akausukuma mkono wangu pembeni.

"Nyamisi. Siku ile kaburini nilikupiga."

"Ilikuwa zamani, shangazi."

"Ulikuwa unafanya nini? Niambie tu. Nimekuwaga nikijiuliza miaka yote hii. Ulikuwa na kidole kwenye udongo. Ulikuwa unafanya nini pale?"

Alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba maji. Na mimi, mwanamke mzima mwenye mtoto, nilisikia sikio langu likiwaka upya. Nikapiga kijiko kwenye ukingo wa kikombe.

"Nilikuwa mtoto. Sikumbuki," nilisema.

Alifumba macho. "Haya," alisema. Nikamfuta mdomo, nikaondoka kuwahi gari. Njia nzima mpaka Musoma nilijiambia nitakwenda tena wiki ijayo nimweleze. Ningemweleza kuhusu pingili ya kwanza, kuhusu lile neno afadhali, kuhusu kila kitu. Wiki ijayo ikawa na mambo yake, na iliyofuata pia. Nilikuwa na jibu la maneno kumi nikamnyima mara mbili, mara ya kwanza kwa utoto, ya pili kwa ubaya tu.

Tulimzika Butiama, hatua chache kutoka kwa mama. Mwanangu wa kike ana miaka sita, naye alimpenda sana bibi huyo, maana kwake yeye shangazi alikuwa amelainika, alikuwa anampakata na kumwimbia. Walipoanza kufukia, aliuvuta mkono wangu.

"Mama, mbona wanamfukia bibi?"

Mama mmoja wa ukoo, mtu mwema, aliinama haraka. "Bibi amepumzika, mjukuu wangu. Amechoka, amepumzika tu."

Niliona uso wa mwanangu ukitulia. Niliona kabisa, mabega yakishuka, pumzi ikitoka. Alikuwa karibu kutabasamu. Akauliza, "Ataamka lini?"

Yule mama alinitazama anisaidie. Watu waliokuwa jirani walinitazama pia. Nilichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana, nikamshika mikono yote miwili.

"Bibi hajapumzika," nilisema. "Bibi amekufa. Hataamka."

"Hata mvua ikija?" Sijui alilitoa wapi hilo. Labda kwenye ua letu la sebuleni.

"Hata mvua ikija, mama yangu."

"We Nyamisi!" mtu alisema nyuma yangu. "Mbona unamtisha mtoto? Kweli una moyo wa jiwe."

Uso wa mwanangu ulikunjamana, mdomo ukafunguka, na kilio kikatoka, kirefu, mpaka wafukiaji wakasimamisha majembe. Sikumnyamazisha. Nilimpakata pale pale chini, kwenye vumbi, kati ya makaburi mawili, nikamwacha alie. Halafu nilianza na mimi. Nililia kwa ile sauti yangu ya utotoni, mbele ya ukoo mzima, na wote waliona kwamba mara hii sikuwa na kopo.